Mashine Iliyojua Kiingereza: Kompyuta za Maskati na Waliorudi Kutoka Pwani

Mwanzoni mwa mwaka 1970 malango ya mji wa Maskati yalikuwa bado yakifungwa kila usiku, ifikapo saa tatu. Aliyechelewa alilala nje ya ukuta, na aliyetembea ndani ilimlazimu abebe taa ili ajulikane. Oman nzima ilikuwa na skuli tatu zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana, na barabara ya lami ya kilomita kumi hivi. Mafuta yalikuwa yameanza kusafirishwa kutoka Mina al-Fahal tangu Julai 1967, lakini mwananchi wa kawaida alikuwa hajaiona faida yake.

Ng'ambo ya bahari maisha yalikuwa mengine. Waya wa telegrafu kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, na Maskati ikaja kuungwa na Jask, pwani ya Uajemi, mwaka 1901. Unguja ilikuwa na mitambo ya kupiga chapa, magazeti, skuli za serikali na chuo cha walimu Beit el-Ras. Kijana wa ukoo wa Kiomani aliyezaliwa Mji Mkongwe au Chake Chake miaka ya 1940 aliweza kusoma hadi sekondari, kisha akaenda Makerere, Cairo au Uingereza, wakati binamu yake wa Nizwa hakuwa na skuli ya kwenda. Yakaja mapinduzi ya Januari 12, 1964, na maelfu ya watu wa asili ya Oman wakauawa au wakatawanyika.

Julai 23, 1970, Qaboos bin Said alishika utawala na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Wakarudi. Walitoka Unguja na Pemba, wakatoka Mombasa na Dar es Salaam, Tabora na Kampala, na wengine wakatoka Bujumbura, Kigali na mashariki ya Kongo, ambako wazee wao walifika wakifuata njia za biashara. Wengi wao Oman walikuwa hawajaiona. Waliijua kwa jina la kabila na kwa masimulizi ya bibi. Jina hilo la kabila likawa ndiyo hati yao ya kwanza, kwani uraia ulipitia kwa shekhe wa kabila kukubali kwamba huyu ni wetu.

Hapo ndipo historia ya kompyuta Maskati inapoanza, ingawa wengi huihesabu kuanzia siku ya kufika intaneti. Serikali mpya ilikuwa na pesa za mafuta, hasa baada ya bei kupanda mwaka 1973, na haikuwa na watu wa kuiendesha. Nchi nyingine zilileta mashine kuchukua nafasi ya makarani wa zamani, wenye faili za miaka mia. Maskati haikuwa na faili za miaka mia wala makarani wengi wa kuwaondoa. Wizara zilizaliwa, na baada ya miaka michache mashine zikaingia katika ofisi ambazo rangi yake ya ukutani ilikuwa bado mpya. Kwa hiyo swali halikuwa nani atapoteza kazi kwa sababu ya kompyuta. Swali lilikuwa nani ataweza kuongea nayo.

Na kompyuta nyingi za miaka ya 1970 zilijua Kiingereza tu. Maneno hayo si ya mfano. Mpango wa ASCII, uliowekwa Marekani miaka ya 1960, ulikuwa na nafasi 128 tu kwa alama zote ambazo mashine ingeweza kuzitambua: herufi kubwa na ndogo za Kilatini, tarakimu, nukta, mkato, na amri za ndani za mashine yenyewe. Herufi ya Kiarabu haikuwa na pa kukaa. Karani wa Maskati aliyetaka kuingiza orodha ya mishahara ya idara yake alilazimika kuandika jina la Khalfan au Zahran kwa herufi za London, na maelekezo yote aliyopewa na mashine yalikuwa ya Kiingereza.

Waliorudi kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuvuka mto huo wa hati zamani. Babu zao waliandikiana barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kati ya Unguja na Maskati, kwa karne nzima na zaidi. Lakini skuli za Waingereza zilileta hati ya Kilatini, na baada ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi ya kusanifisha Kiswahili mwaka 1930, hati hiyo ndiyo iliyotawala vitabu vyote vya darasani. Kiswahili cha hati ya Kilatini hakihitaji alama yoyote ya ziada: hakina kofia juu ya herufi, hakina mkia chini yake. Kila sentensi ya Kiswahili iliweza kuandikwa kwenye mashine yoyote iliyofika Maskati, siku ileile ilipotolewa kwenye sanduku. Kiarabu, lugha ya dola na ya msikiti, kilisubiri nje. Jambo ambalo wakoloni walilifanya Unguja kwa faida yao liliwafaa wajukuu wa Waomani katika ofisi za Oman, na sijui kama kuna aliyelitarajia.

Wizara nyingi ziliendeshwa kwa Kiarabu, na wengi wa waliorudi hawakukijua Kiarabu vizuri. Kuna waliochekwa kwa matamshi yao, na kuna walioitwa Wazanzibari kwa namna isiyokuwa ya sifa. Lakini mafuta, mabenki na simu za kimataifa vilikwenda kwa Kiingereza, na hizo ndizo sehemu ambazo kompyuta ilikita mizizi mapema. Mtafiti wa Kifaransa Marc Valeri, katika makala aliyoitoa mwaka 2007 kuhusu Waomani wanaozungumza Kiswahili, ameeleza jinsi jamii hii ilivyopata nafasi katika sekta kama hizo kwa sababu ya elimu na Kiingereza chao. Kiswahili kikasikika kwenye korido za kampuni ya mafuta, Petroleum Development Oman. Wanawake nao wasisahaulike. Waliosoma Unguja, Dar es Salaam na Nairobi walikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo Oman kukaa kwenye madawati ya ofisi, wakipiga chapa, wakipokea simu, wakiingiza hesabu kwenye mashine, wakati ambapo mabinti wa nchi ndiyo kwanza wanaingia darasa la kwanza. Wazee wetu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa walikuwa wageni na wenyeji kwa pamoja, na ule uponaji ulikwenda pande zote mbili.

Faida ile haikudumu, na haikustahili kudumu. Mwaka 1982 Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni Kuwait ambayo ilikuja kujulikana kote Ghuba kwa jina la kompyuta zake, Sakhr. Tatizo alilolikabili lafaa kutazamwa kwa karibu. Chukua herufi ه. Ikiwa peke yake ina umbo moja, ikianza neno ina umbo la pili, ikiwa katikati umbo la tatu, na ikimalizia umbo la nne. Kwenye kibodi ina kitufe kimoja tu. Mashine inabidi isubiri kuona herufi gani inafuata ndipo iamue umbo la kuchora, na mara karani anapoendelea kuandika, herufi iliyokwisha kuonekana kwenye skrini hubadilika mbele ya macho yake. Zaidi ya hapo maneno hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto, na tarakimu ndani ya sentensi ileile hukimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mstari mmoja wenye jina na nambari ya simu ni njia yenye magari yanayokabiliana. Sakhr ililimaliza hilo kwenye mashine za bei ambayo familia iliweza kuimudu, na watoto wa Ghuba wakajifunza kuandika programu kwa amri za Kiarabu. Baadaye ikaja Unicode, toleo la kwanza mwaka 1991, iliyozipa herufi za Kiarabu nafasi yake katika mpango wa dunia nzima, na Windows ya Kiarabu ikaingia maofisini.

Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1986 huko al-Khoudh, nje kidogo ya mji, na kizazi cha waliozaliwa baada ya 1970 kikaanza kutoka na shahada. Vijana wa Sur, Ibri na Rustaq wakaijua kompyuta kwa lugha yao na kwa Kiingereza pia. Mlango uliofunguliwa na ASCII kwa watu wachache ukawa wa wote. Watoto wa waliorudi nao wakasoma Kiarabu skuli, wakakizungumza bila kigugumizi, na Kiswahili kikabaki cha jikoni, cha harusini na cha kumjibia nyanya. Kuna wanaosikitika. Mimi nasikitikia lugha, lakini siwezi kusikitikia ule upendeleo, kwani nchi ambayo mashine zake zinaelewa lugha ya wachache haiwezi kuwatendea haki walio wengi.

Kilichofuata kilikwenda mbio. Simu za mkononi za GSM zilianza mwaka 1996, na intaneti ikafunguliwa kwa umma mwaka 1997, zote chini ya shirika la simu la serikali ambalo mwaka 1999 liligeuka kuwa Omantel. Mwaka 2003 ulifunguliwa mji wa teknolojia wa Knowledge Oasis Muscat, huko Rusayl, na mwaka huohuo serikali ikatoa mpango wake wa kuijenga Oman ya kidijitali. Mwaka 2004 polisi walianza kutoa kitambulisho chenye chipu, na Oman ikawa nchi ya kwanza ya Mashariki ya Kati kufanya hivyo kwa raia wake. Mamlaka ya Teknolojia ya Habari iliundwa mwaka 2006, sheria ya miamala ya kielektroniki ikaja 2008, na sheria ya makosa ya mtandaoni ikaja 2011. Hiyo ya mwisho inawatisha waandishi hadi leo, maana kifungu chake cha 19 kinaruhusu kifungo cha hadi miaka mitatu kwa maandishi yanayohesabiwa kuvuruga utaratibu wa umma, na maneno hayo ni mapana mno.

Kwa mwananchi, hata hivyo, sura ya mabadiliko hayo ni ofisi ndogo ya Sanad. Mpango wa Sanad ulianzishwa mwaka 2001 kuwasaidia vijana wa Oman wajiajiri, na moja ya matunda yake ni vijiduka vya huduma vilivyotapakaa kila mtaa, Ruwi, Seeb, al-Khuwair, mpaka vijijini milimani. Ndani huwa mna meza mbili tatu, kila moja na kompyuta, skana, na kifaa cha kusomea kadi. Mteja anayekuja kuhuisha leseni ya duka lake anatoa kitambulisho, karani anakichomeka, mteja anabonya nambari yake ya siri, na jina lake, kabila lake na tarehe yake ya kuzaliwa vinajitokeza kwenye skrini. Karani, mara nyingi binti wa miaka ishirini na kitu aliyesoma mambo haya chuoni, anasoma fomu kwa sauti, anauliza, anajaza, anageuza skrini ili mzee aone. Mzee anatikisa kichwa. Analipa ada, anachukua karatasi yake, anaondoka. Kazi hiyohiyo zamani ilikuwa safari ya wizara mbili na mihuri kadhaa, na pengine kurudi kesho kwa sababu mwenye muhuri katoka.

Mimi naiona Sanad kuwa jambo la busara kuliko mitambo yote ya Rusayl. Serikali nyingi zilihamishia huduma zake mtandaoni na kumwachia mzee asiyejua kusoma ahangaike peke yake. Maskati ilielewa kwamba kati ya mashine na mtu lazima awepo mtu mwingine, mwenye subira, anayelipwa kwa subira yake. Ni kazi ileile waliyoifanya makarani waliorudi kutoka pwani miaka ya 1970, walipokuwa wakalimani kati ya Kiingereza cha mashine na nchi iliyokuwa ikiamka.

Nguvu ya kitambulisho hicho ilidhihirika katika sensa. Oman ilihesabu watu wake kwa mara ya kwanza Desemba 1993, makarani wakipita nyumba kwa nyumba, na wakapata watu wapatao milioni mbili. Desemba 2020 hakuna karani aliyepiga hodi. Takwimu zilikusanywa kutoka kwenye rejesta za serikali zenyewe, za polisi, elimu, kazi na makaazi, na jibu likatoka: watu 4,471,148. Kutoka taifa lisilojua idadi yake hadi taifa linalojihesabu bila kumuuliza mtu ilikuwa miaka 27 tu. Na uchaguzi wa Baraza la Shura (Majlis al-Shura) wa Oktoba 29, 2023 ulifanyika kwa programu ya simu: mpiga kura alisoma kitambulisho chake kwa simu yake, akathibitishwa uso, akachagua akiwa nyumbani. Viti vilikuwa 90. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyechaguliwa. Programu ilimfikia kila mtu kitandani kwake, lakini mazoea ya kuchagua yalibaki yaleyale.

Mashine zinazojua kila kitu pia huibiwa, na Maskati ilionja hilo Februari 2013. Wezi waliingia katika mitambo ya kampuni iliyokuwa ikishughulikia kadi za kulipia kabla za Bank Muscat. Hawakuchukua pesa mara moja. Waliondoa kiwango cha juu cha kutoa fedha kwenye akaunti 12, wakachukua nambari na maneno ya siri, wakazisambaza kwa washirika wao duniani. Washirika hao waliziandika nambari kwenye kadi yoyote yenye ukanda wa sumaku, hata ufunguo wa chumba cha hoteli. Kuanzia saa tisa alasiri ya Februari 19, kwa saa za New York, hadi saa saba na dakika 26 za usiku, mashine za kutolea fedha katika nchi 24 zilitemeshwa karibu dola milioni 40, kwa miamala inayokaribia 36,000. Katika mji wa New York peke yake kikundi kimoja kilizunguka mashine baada ya mashine na kutoa mara 2,904, jumla dola milioni 2.4. Mei 9 mwaka huo waendesha mashtaka wa Brooklyn walitangaza mashtaka dhidi ya watu wanane, mmoja wao akiwa amekwisha kuuawa Jamhuri ya Dominika. Hakuna aliyevunja mlango Maskati. Mji uliokuwa ukifunga malango saa tatu usiku uliibiwa usiku mmoja na watu ambao pengine hawakuweza hata kuuonyesha kwenye ramani.

Lakini wizi huo ulikuwa wa pesa za benki, na benki ilibeba hasara. Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua zaidi, na linawahusu wazungumzaji wengine wa Kiswahili walioko Maskati leo. Hawa si watoto wa waliorudi. Ni wanawake kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, wanaofanya kazi za nyumbani katika nyumba za Seeb, Bausher na al-Mawaleh. Baadhi yao hutumikia familia ambazo nyanya yao bado anasema Kiswahili cha Unguja, na jioni wawili hao huzungumza kama watu wa mtaa mmoja. Wengine hawana wa kuzungumza naye.

Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu. Waliosimulia walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi saa nyingi bila mapumziko, kunyimwa mshahara, na baadhi yao kupigwa na kudhalilishwa kimwili. Walieleza pia kunyang'anywa simu. Msomaji aliyezoea simu anaweza kudhani hilo ni dogo kati ya makubwa. Kwa mwanamke aliye peke yake ndani ya nyumba ya watu, simu ndiyo mama yake aliyeko Singida, ndiyo ubalozi, ndiyo benki ya kutumia ada ya mtoto, ndiyo shahidi. Ukimnyang'anya simu umefunga lango lake, na hana hata taa.

Tena sheria ya kazi ya mwaka 2003 haikuwahusu wafanyakazi wa nyumbani. Chini ya utaratibu wa kafala, makaazi ya mfanyakazi yalifungwa kwenye jina la mwajiri, na katika rejesta zilezile zinazoihesabu nchi bila karani, mwajiri ndiye aliyejaza habari zake. Mwajiri aliweza kutoa taarifa kwamba mfanyakazi wake katoroka, na taarifa hiyo ikawa ndiyo ukweli mbele ya mashine kabla ya mwenyewe kusikilizwa. Raia anaona kadi yake na nambari yake ya siri kama ufunguo wake. Mwanamke huyu ameandikwa kwenye mfumo, lakini kalamu imo mkononi mwa mwingine.

Nimeisimulia historia hii kuanzia kwa makarani waliorudi kwa sababu wao wanajua vizuri zaidi kuliko yeyote maana ya kufika Maskati na lugha isiyosikika. Bahati ya zama zao iliwapa mashine iliyokuwa ikiielewa hati yao. Wengi wa watoto wao leo ni mameneja, maofisa wa wizara, wahandisi wa programu na wakuu wa idara, na Kiswahili hawajakisahau chote. Ombi langu ni kwao kwa jina la wazee wao. Mkataba wa kazi ya nyumbani uandikwe kwa Kiswahili pamoja na Kiarabu, uhifadhiwe mahali ambapo mfanyakazi mwenyewe anaweza kuufungua kwa simu yake na nambari yake. Malipo ya mshahara yaingie kwenye akaunti iliyo kwa jina lake, ambako kila mwezi uliorukwa utaonekana. Kila ofisi ya Sanad iwe na mlango ambao mwanamke huyo anaweza kuingia bila mwajiri wake na kueleza shida yake kwa lugha yake. Nchi ambayo mashine zake zimejifunza Kiarabu, na iliyoweza kuhesabu watu milioni nne bila kupiga hodi, haiwezi kushindwa na hilo.